Deni Letu kwa Nyumba ya Askari

Kila mwaka, tarehe 25 Julai, Taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Mkuu wa Nchi huweka mkuki na ngao penye mnara; Mkuu wa Majeshi huweka sime; kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua; Meya wa mji huweka upinde na mshale; na mzee wa chama cha askari wa zamani, Tanzania Legion, huweka shoka. Tarumbeta hulia, watu husimama kimya, kisha kila mtu hurudi kwake. Ni desturi njema, wala hapana mtu mwenye akili atakayeibeza. Lakini leo twapenda kumwuliza msomaji wetu swali moja: tarehe 26 Julai, ni nani anayekwenda kubisha hodi katika nyumba ambamo shujaa yule alitoka?

Swali hili twaliuliza hasa kwa ndugu zetu wa Ifakara na bonde zima la Kilombero, toka Kidatu mpaka Mlimba, na ng'ambo ya mto mpaka Ulanga na Malinyi. Twawauliza wao kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba jamaa za askari wengi wa bonde hili hawakai kambini. Wanakaa vijijini, katikati ya mashamba ya mpunga, na jirani yao wa mkono wa kuume ni mkulima, wa mkono wa kushoto ni fundi au mfanyakazi wa reli. Anayekaa kambini akipatwa na jambo ana ofisi ya kuiendea na wenzake wa kumsindikiza. Anayekaa kijijini ana jirani tu. Sababu ya pili ni kwamba bonde hili lajua vita kuliko vile wengi wetu tunavyokumbuka.

BONDE LILILOLIPA MAPEMA

Agosti 1905, moto wa Majimaji ulipofika Kilombero, kituo cha Wajerumani cha Ifakara kilivamiwa na askari wake wakauawa, na kabla mwezi haujaisha boma la Mahenge lilikuwa limezingirwa. Tunapenda kusimulia ushujaa wa siku zile, na ni haki yetu. Lakini mwisho wa habari ile si Ifakara wala Mahenge. Mwisho wake ni njaa. Wajerumani waliposhindwa kuwamaliza watu kwa bunduki, walichoma maghala na mashamba. Aliyekufa kwa risasi alikufa mara moja. Mjane wake na watoto walikufa pole pole, kwa miezi, wakichimba mizizi porini. Hao hakuna mnara unaowataja.

Miaka tisa tu ikapita, vikaja vita vya 1914. Wazungu wa Ulaya walitafutana humu kwetu, na majeshi ya Mjerumani yalipokuwa yakirudi nyuma yalifanya nchi ya Mahenge na bonde hili kuwa ghala lao la chakula, mpaka Wabelgiji walipoingia Mahenge Oktoba 1917. Kila upande ulitaka wapagazi. Mtu alitolewa shambani akiwa na jembe mkononi, akabebeshwa sanduku la risasi, akaenda zake; wengi hawakurudi. Hesabu ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza na wenzao peke yake yapita 90,000, na wengi wao waliuawa na kuhara, homa na njaa wala si na adui. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam latokana na kambi ya jeshi lile la wapagazi. Na ile sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, bamba lake lawataja wapagazi pia. Lakini lawataja kwa jumla, kama mtu atajavyo magunia, bila jina hata moja.

Kisha kikaja Vita Kuu ya Pili. Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini, na vijana wetu wa King's African Rifles wakafika mpaka Burma, ambako mwaka 1944 walipigana katika mvua na tope la bonde la Kabaw, bonde lenye homa, mito na matope kama letu. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa jamaa yake kwa njia ya boma. Mke au mzee alikwenda bomani kwa miguu, na ilimpasa ajulikane na mtu huko ili alipwe. Waliporudi, bakshishi ya kuachia kazi haikuwa sawa kwa wote: hati za zamani zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari Mwafrika alipewa kiasi kidogo sana, pengine theluthi moja tu ya kile alichopewa Mzungu wa cheo hicho hicho. Ndiyo kusema kwamba nyumba ya Mwafrika ilihesabiwa kuwa yahitaji theluthi moja ya chakula cha nyumba nyingine.

Hayo yalikuwa ya wakoloni, atasema mtu. Ni kweli. Lakini tangu tarehe 1 Septemba 1964 tunalo Jeshi letu wenyewe, Jeshi la Wananchi, na jina hilo lina maana. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuiteka sehemu ya Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Uwezo huo ulitoka wapi? Ulitoka katika kambi, kweli. Lakini pia ulitoka vijijini, kwa maana wanamgambo kwa maelfu walikusanywa toka mikoa yote kulikuza Jeshi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Waliokufa wengi wamelazwa Kaboya, Wilaya ya Muleba, mahali pa heshima panapotunzwa vizuri. Lakini toka Ifakara mpaka Kaboya ni zaidi ya kilomita 1,000, na mama mkulima aliyezaa mtoto akamtoa kwa Taifa hana nauli ya kwenda kulitazama kaburi lake.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yamekwisha. Tarehe 13 Julai 2013 walinzi wa amani 7 wa Tanzania waliuawa karibu na Khor Abeche, katika Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa, na usiku ule mmoja tukapoteza askari wasiopungua 14. Miili ililetwa Dar es Salaam, ikaagwa kwa heshima zote, kisha kila jeneza likaenda kwao, mkoani, wilayani, kijijini. Hapo ndipo kamera ziliposimama, na hapo ndipo kazi yetu ilipopasa kuanza.

NYUMBA YAPUNGUKIWA NA NINI?

Wako watu wasemao: "Askari ana mshahara wa Serikali kila mwezi, na akifa jamaa yake hulipwa. Mimi mkulima, nani anilipaye mafuriko yakichukua mpunga wangu? Kwa nini nimsaidie mtu aliyenizidi?" Maneno haya husemwa kwa sauti ya chini, lakini husemwa, na yafaa yajibiwe kwa heshima, kwa kuwa bonde hili lajua maana ya mafuriko.

Jibu letu ni hili. Hatusemi kwamba mke wa askari ni fukara kuliko mke wa mkulima. Mara nyingi sivyo. Twasema kwamba nyumba yake imepungukiwa na vitu vitatu ambavyo mshahara hauvinunui, navyo ni mikono, habari na shahidi.

Mikono kwanza. Kila mtu wa Kilombero aijua kalenda ya mpunga. Mvua za mwisho wa mwaka zikianza, watu hulima. Masika yakishika, toka Machi mpaka Mei, mto hutoka katika kingo zake na uwanda wote huwa maji. Na jua likirudi, Juni na Julai, huvunwa. Katikati ya mambo hayo, watu huhama majumbani wakakae mashambani, wajenge dungu, waamie ndege mchana, na usiku wafukuze nguruwe. Nyumba yenye watu wazima wawili hugawana: mmoja yuko shambani, mmoja yuko mjini na watoto wa shule. Nyumba ambayo mume yuko Kongo yagawanywaje? Mama akienda dunguni, watoto wanalala peke yao. Akikaa nao mjini, kwelea wanakula mpunga. Fedha za mshahara zaweza kuajiri kibarua, lakini wakati wa kuvuna kila kibarua ana shamba lake, na ndege hawangoji mwisho wa mwezi.

Pili ni habari. Askari hawezi kusema yuko wapi wala kesho ataenda wapi. Hiyo ni kanuni ya jeshi lolote, nayo ni kanuni ya haki. Siku hizi fedha huja kwa simu, wala hapana tena haja ya kwenda bomani kwa miguu. Lakini simu hiyo hiyo huleta uvumi. Kabla ofisa hajafika mlangoni na habari za kweli, majirani wamekwisha kusoma katika simu zao kwamba kambi fulani imeshambuliwa, na wengine, bila kufikiri, humwuliza mama yule sokoni, mbele ya watu, kama mumewe yumo. Twasema waziwazi: huo ni ukatili, hata kama aliyeufanya hakukusudia. Anayempenda jirani yake hufunga mdomo, huenda kukaa naye, na hungoja pamoja naye.

KARATASI NI SILAHA YA MJANE

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni shahidi. Husimuliwa kwamba mwaka 1964, Bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa askari wa zamani wa Mjerumani waliokuwa hai, wazee wapatao mia tatu na hamsini walikusanyika Mwanza, na wachache tu miongoni mwao walikuwa na cheti. Mlipaji akawapa fagio mmoja mmoja, akawaamuru kwa Kijerumani wafanye gwaride kama kwa bunduki, na hakuna aliyeshindwa. Watu hucheka wanaposikia habari hii. Lakini mfikirie mjane wa askari wa namna hiyo. Mume angeweza kuchukua fagio akajithibitisha mwenyewe. Yeye mjane angejithibitisha kwa nini?

Hata leo mashaka ya wajane wengi huanza kwenye karatasi. Mume amekufa, haki zake zipo, lakini ili zilipwe yatakiwa cheti cha kifo, na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichomteua msimamizi wa mirathi, na barua ya mahakama inayomthibitisha msimamizi huyo. Mashauri yanayofuata mila au sheria ya Kiislamu huanzia Mahakama ya Mwanzo. Mengine huenda juu zaidi. Watoto watakiwa wawe na vyeti vya kuzaliwa. Ndoa yatakiwa ionekane. Na ndoa ngapi za vijijini kwetu ni za mahari na ngoma, bila karatasi hata moja?

Sheria haikumwacha mwanamke huyo kabisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, yasema kwamba mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, huhesabiwa kuwa wameoana, isipokuwa mtu alete ushahidi wa kuonyesha kuwa sivyo. Angalieni maneno hayo: watu wakawajua. Watu hao ni nani? Ni jirani, ni mjumbe, ni shemeji, ni mama muuza samaki aliyewakopesha. Jirani akikubali kwenda mahakamani akaseme alilolijua, mjane ana nguvu. Jirani akiogopa maneno ya ukoo akakaa nyumbani, mjane hana kitu, hata kama amemzalia askari yule watoto sita.

Nasi twajua kwamba ukoo si kila mara rafiki. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963, lililoandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, lilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliamua, katika shauri la wajane wawili wa Tanzania, kwamba kanuni hizo zimewavunjia haki zao. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Basi shamba la mpunga ambalo mama amelilima miaka kumi na mitano, mume akiwa kambini, lisichukuliwe na shemeji kwa neno la "shamba ni la ukoo" kabla arobaini haijatimia. Wazee wa bonde wana heshima, na neno lao husikika. Wakisema hapana, itakuwa hapana.

MSIBA NA BAADA YA MSIBA

Hakuna mtu atakayeweza kuwatukana watu wa Ifakara kwamba hawajui kuzika. Msiba ukitokea, maturubai hufungwa, sufuria huletwa, akina mama hupika, vijana hukata kuni, na daftari la rambirambi huzungushwa. Ikiwa marehemu ni askari, huja wenzake waliovaa sare, risasi hupigwa hewani, bendera hukunjwa, na kijiji kizima huwa na sifa. Ni tukio kubwa. Lakini turubai hufunguliwa siku ya tatu, na watu waliosema "tuko pamoja" hawaonekani tena mpaka msiba mwingine. Mjane hubaki na bendera iliyokunjwa na deni la mchele wa matanga.

Ikiwa ni hivyo, basi tuigawe nguvu yetu. Sehemu ya yale tunayoyatumia katika siku tatu, tuitie akiba kwa miezi kumi na miwili. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Lakini moto unaowashwa kwa kuni zote kwa mara moja haupiki maharage.

Na hapa bonde la Kilombero lina bahati ambayo mikoa mingine haina. Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, yaanguka wakati mpunga umekwisha kuvunwa au uko mwishoni kuvunwa. Ghala lina kitu. Watu wamerudi toka madunguni. Barabara zimekauka, na aliye ng'ambo ya mto, ambaye zamani alikuwa akingoja kivuko, tangu mwaka 2018 anavuka kwa daraja. Hakuna siku katika mwaka inayofaa zaidi kwa watu wa kata moja kukutana, si kwa hotuba tu, bali kwa hesabu: nyumba zipi za askari, wastaafu na wajane tulizo nazo, msimu ujao zitahitaji nini, nani atafanya nini.

Twapendekeza mambo manne, yote madogo, yasiyongoja fedha za mtu wa mbali.

La kwanza ni siku ya jembe. Kila mtaa au kitongoji utoe siku moja wakati wa palizi na siku moja wakati wa mavuno, watu waende pamoja katika shamba la nyumba ambayo mwenyewe yuko kazini au amekufa kazini. Vijana wa JKT walioko Chita, katika bonde hili hili, hulima mpunga kwa pamoja, na kila mzazi aliyempeleka mtoto wake huko ajua jinsi mikono mia inavyomaliza shamba kabla jua halijawa kali. Yanayowezekana kwa amri yawezekana pia kwa hiari.

La pili ni msindikizaji. Wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kidatu, wa reli ya TAZARA, wa hospitali ya Mtakatifu Fransisko, walimu wa shule: hawa wamezoea fomu na mihuri. Kila tawi la wafanyakazi limtoe mtu mmoja au wawili wa kwenda na mjane ofisini na mahakamani, wamsomee kila karatasi kabla hajatia dole gumba. Tena wako wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mtu asiuze ng'ombe kwa ajili ya kumlipa laghai anayejiita mjuzi wa mirathi.

La tatu ni karatasi kabla ya msiba. Askari anapokuja likizo, sherehe yake isiwe pombe na picha peke yake. Wazee wamwite pembeni, wamwulize: ndoa yako imeandikwa? Watoto wana vyeti? Mkeo ajua namba yako ya jeshi na majina uliyoyaandikisha kazini? Wako waogopao kuuliza hayo, wakisema ni kumtabiria mtu kifo. Sivyo. Hata anayekwenda mjini kwa basi hufunga mlango.

La nne ni kumbukumbu. Wazee waliowajua waliokwenda Burma wamebaki wachache mno, na waliokwenda Kagera sasa ni wazee. Shule za sekondari zina vijana wenye kalamu. Waende wakawaulize, waandike majina ya kila kijiji: aliyekwenda, aliyerudi, asiyerudi, na nani aliyebaki akalea watoto. Wapagazi wa 1917 walisahauliwa kwa sababu hakuna aliyeandika. Tusirudie.

Na katika yote haya tusimsahau mtoto. Ada ya shule ya sekondari mpaka kidato cha nne iliondolewa tangu 2016, lakini sare, madaftari na viatu havikuondolewa. Tena mtoto wa askari aliyekufa ana haja nyingine isiyoonekana: ya mtu mzima mwanamume wa kumwambia, "Nilimjua baba yako." Neno hilo halina gharama, nalo lamsimamisha kijana wima.

Askari aapapo, huapa yeye peke yake. Mkewe haapi, mama yake haapi, watoto wake hawaulizwi. Hata hivyo kiapo kile huwafunga wote. Sisi tuliobaki nyuma ya ulinzi wake hatukuapa pia, lakini deni liko juu yetu vilevile. Halilipwi kwa mkuki na ngao pekee. Hulipwa kwa jembe mwezi wa palizi, kwa ushahidi wa kweli siku ya mahakama, na kwa kubisha hodi tarehe 26 Julai, na tarehe zote zinazofuata.